Uchumi ukiyumba ukabaki na nusu ya kazi: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu. Mambo yakiwa magumu tunawaongelea sana walioachishwa kazi. Waliobaki na saa pungufu hatuwataji, maana kwenye takwimu wana ajira: kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani (ILO), ukifanya kazi ya malipo hata saa 1 kwa wiki umeajiriwa. Marekani mwaka 2010, baada ya msukosuko wa 2008, watu takriban milioni 9 walikuwa na kazi za saa pungufu bila kupenda.

Naanza mimi. Nilikuwa wa kudumu ghalani. Sikupewa barua yoyote. Ratiba ilibandikwa Ijumaa jioni kando ya mlango wa stoo, na jina langu likawa linaonekana mara chache zaidi kila wiki. Mshahara ulipungua, ndiyo, lakini kilichonitesa ni kutojua. Ukichukua kibarua kingine, simu inaita: njoo sasa hivi. Ukikataa, wiki inayofuata jina halimo kabisa.

*

Mkuu, sisi tunaoletwa kazini na mawakala wa ajira ndio tunaotangulia kutoka. Na ndio tunaotangulia kurudi, kwa sababu oda zikianza kuingia mwajiri bado anaogopa kuajiri moja kwa moja. Nilirudishwa kwa mkataba wa mwezi mmoja mmoja. Mwezi ukiisha, kadi ya getini inazimika. Asubuhi ya tarehe 1 tunasimama nje, kila mtu anagusisha kadi yake, taa ikiwa nyekundu unasubiri msimamizi aje na karatasi ya majina. Wenzangu wengine waliondokea hapo hapo getini.

*

Mimi nilikuwa kiwandani Ujerumani mwaka 2009. Kule kuna utaratibu unaitwa Kurzarbeit: kampuni inapunguza saa badala ya kufukuza watu, na mfuko wa bima ya ajira unakufidia asilimia 60 ya kipato halisi ulichopoteza, 67 ukiwa na mtoto. Uliniokoa. Ila wenye vibarua vidogo visivyokatwa mchango wa bima hiyo hawakupata fidia hiyo, na hao ndio walikuwa na hali mbaya zaidi.

*

Kwangu kazi ya nusu siku ilinifaa, nilikuwa nanyonyesha. Ushauri wangu kwa mnaopunguziwa saa: ombeni mpewe maandishi yanayosema ni kwa muda gani na mshahara wa zamani ulikuwa kiasi gani. Sehemu nyingi kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa mwisho. Dada mmoja tuliyekuwa naye alipunguzwa saa, baadaye akaachishwa, mafao yakapigiwa ile nusu. Miaka yote aliyotumikia kutwa nzima haikumsaidia. Iliniuma sana.

*

Asanteni sana, dada hapo juu umegusa jambo zito. Waliowahi kushika kazi mbili za muda kwa pamoja, zamu zikigongana mlikuwa mnaanza kumwambia mwajiri yupi?