Nawafundishaje wa uzamili kufikiri kimfumo? Wote wananijibu "elimu itolewe"

Mwl wa Bonde
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha uzamili wa usimamizi wa maliasili. Wanafunzi wangu wengi ni watu wa kazini: misitu, wanyamapori, maji. Niliwapa kisa cha Ruaha Mkuu, mto uliokuwa unatiririka mwaka mzima, na tangu 1993 unakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Wakachora mishale ya nini kinasababisha nini mpaka karatasi ikajaa. Nikauliza, tufanyeje? "Elimu itolewe kwa wananchi, sheria zisimamiwe." Utadhani ile michoro kachora mtu mwingine! Na kila mmoja ana mbaya wake: wa wanyamapori anamtaja mfugaji, wa maji anamtaja mkulima wa mpunga. Naombeni mbinu, muhula unakaribia.

Chura wa Ihefu
Mkuu, mchoro usitangulie. Waanze kwa kubashiri. Wape hali ya 2005 tu: mto umekauka, ng'ombe wako Ihefu, kile kinamasi cha Usangu upande wa juu wa mto, serikali inafikiria kuwaondoa. Kila mmoja aandike na kusaini: wakiondoka, mto utarudi? Ndipo uwaambie yaliyofuata. Kuanzia 2006 wafugaji waliondolewa, 2008 Usangu ikaingizwa Hifadhi ya Ruaha, na mto ukaendelea kukauka. Mtu akishasaini, hawezi kusema alijua tangu mwanzo.

Fundi Mfereji
Usisahau mabanio, yale ya kuzuia mto ili maji yaingie mferejini. La zamani, la magogo, mawe na majani, lilikuwa linavuja, wa chini naye anapata. Likaja la zege lenye geti la chuma, eti kuokoa maji. Kiangazi wa juu akifungua, karibu mto wote unaingia mferejini kwake. Halafu yale maji tunayosema "yamepotea" shambani, mengi yanarudi kwenye mtaro na ndiyo anayolimia jirani wa chini. Waulize: tukiziba upotevu, nani anakosa?

DadaTakwimu
Kompyuta baadaye. Kuna mchezo wa bonde la mto alioubuni mtafiti Bruce Lankford kutokana na kazi yake Usangu: ubao ulioinama, gololi ndiyo maji, vijiti ndiyo mabanio. Wakulima wenyewe wameucheza. Seremala yeyote anakutengenezea. Yule wa maji mkalishe mwisho wa mto, aone gololi zinavyoishia kwa wenzake.

Kiti Moto Baridi
Mchezo safi, ila gololi hazichelewi. Ihefu inajaa masika na kuachia maji polepole, bwawa la Mtera huko chini linatunza maji ya kuzalisha umeme Kidatu. Unachokosea leo unakuja kukiona msimu mwingine, na hapo ndipo watu wazima wanapokwama. Cheza kwa raundi, uamuzi wa raundi ya kwanza uume raundi ya tatu.

Mwl wa Bonde
Utabiri wenye saini nauchukua, na raundi pia. Sasa mtihani nausahihishaje?

Chura wa Ihefu
Wape sera moja, mfano kupiga marufuku mpunga wa kiangazi. Waeleze nani atabadili mwenendo, atafanya nini mwakani, atafanya nini baada ya miaka mitano. Akiandika "elimu itolewe" bila kusema nani hajui nini, na akitii anapoteza nini, sifuri.

Fundi Mfereji
Na Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, wapeleke mwezi wa kumi, sio masika. Walale huko, waikute zamu ya maji ya usiku. Mchana mageti yote yana adabu.