Vidonge vya majira na saratani ya matiti: tafiti za muda mrefu zimeonyesha nini?

Mama wa Igoma:
Ndugu zangu wa Mwanza, ninatumia vidonge vya majira kwa miaka kadhaa sasa, na mama yangu mkubwa aliyeko Ukerewe amegundulika kuwa na saratani ya titi. Mawifi zangu wananisihi niviache, wakisema sumu yake hujikusanya mwilini na kuzaa saratani uzeeni. Naomba mwenye ufahamu anieleze, kwa sababu sitaki kuacha kwa uvumi wala kuendelea kwa ukaidi.

Muuguzi, Nyamagana:
Pole kwa kuuguliwa, dada. Utafiti wa kuutazama kwanza ni ule wa madaktari wa familia wa Uingereza, ulioanza mwaka 1968 kwa wanawake wapatao 46,000, ambao baadhi yao walifuatiliwa hadi miaka 44. Ulionyesha kwamba hatari ya saratani ya matiti hupanda wakati mwanamke anatumia vidonge na kwa muda baada ya kuacha, lakini baada ya miaka 5 hivi ongezeko hilo halikuonekana tena. Hoja ya uzeeni, basi, haikuthibitika. Huko Denmark, kumbukumbu za wanawake milioni 1.8 zilizochapishwa mwaka 2017 zilitoa ongezeko la asilimia 20 kwa watumiaji wa njia za homoni, na hapo ndipo wengi hushtuka. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni nadra katika umri wa kuzaa, asilimia hiyo ilikuwa mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka. Saratani ya ovari na ya mji wa mimba, kwa upande wake, hupungua, na kinga hiyo ilionekana kudumu zaidi ya miaka 30. Ile ya shingo ya kizazi hupanda kidogo, kwa hiyo nenda ukapimwe.

Mama Sengerema:
Nakazia, mdogo wangu: kwa mwongozo wa WHO, kuwa na ndugu mgonjwa hakukuzuii, anayezuiwa ni mwenye saratani ya titi mwenyewe. Hata hivyo, uliza mama mkubwa aligundulika akiwa na umri gani na kama wapo wengine katika ukoo, ukamweleze daktari. Ukiamua kubadilisha, elewa kwamba sindano nayo ni homoni, ilhali kitanzi cha shaba hakina.

Mama wa Igoma:
Asanteni sana. Na vile 7 vya kahawia mwishoni mwa pakiti?

Muuguzi, Nyamagana:
Hivyo ni madini ya chuma, dada. Homoni imo katika vile 21 vyeupe tu.