Kompyuta za mtia nia zimeletwa kanisani mbovu, mimi nimegeuzwa fundi wa bure "kwa ajili ya Bwana". Nimechoka

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la dini wala la teknolojia, maana unahusu yote mawili na siasa imekaa juu yake.

Niko Mwanza, Buhongwa. Sebuleni kwangu sasa hivi kuna kompyuta sita za mezani ambazo si zangu. Nyingine nne ziko stoo ya kanisa. Watoto wanakula mkekani kwa sababu meza imejaa makasha na nyaya. Jana mke wangu kaniuliza kwa ule upole wake wa hatari: "Baba Kulwa, kanisa limehamia hapa?" Sikuwa na jibu.

Zimetoka wapi? Mwaka jana, wiki chache kabla ya kura za maoni, mtia nia mmoja alialikwa kuwa mgeni rasmi kwenye harambee ya darasa la kompyuta la vijana wetu. Jina simtaji na chama sikitaji, na wewe unayemjua kaa kimya. Akapewa kiti cha mbele. Akasimama madhabahuni, akasoma mstari wa Zaburi, akasimulia alivyosoma kwa koroboi kijijini kwao, kisha akatangaza kompyuta kumi "kwa utukufu wa Mungu". Chawa wake wawili wanapiga picha kila pembe. Kabla sadaka haijamaliza kuzunguka, picha zilishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya kata nzima. Vigelegele, kwaya, mchungaji akamwekea mikono. Makasha hayakufunguliwa siku ile, na hakuna aliyeomba yafunguliwe. Ungeanzaje? Mtu kasimama madhabahuni, wewe unyooshe kidole useme "samahani mheshimiwa, RAM ngapi?"

Yakaja kufunguliwa baadaye. Mashine zina stika za shule moja ya Ohio, Marekani. Sina tatizo na mtumba, mimi mwenyewe natumia mtumba nyumbani na unadunda vizuri. Tatizo ni kwamba hakuna aliyezigusa tangu zitoke huko. Nyuma ya pawasaplai za zamani, lile kasha la ndani linalopokea umeme wa ukutani, kuna kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230. Marekani umeme wa nyumbani ni kama volti 120, kwetu ni 230. Kiswichi kilikuwa kwenye 115. Kijana wa zamu akachomeka ukutani kwa furaha zake, paa! Moshi, harufu, watu nje. Mama mmoja wa maombi akaanza kukemea pepo la uharibifu. Mama yangu nakuheshimu sana, lakini pepo lile lingetoka kwa bisibisi.

Hapo ndipo likatajwa jina langu. "Baba Kulwa ana kompyuta nyumbani, anajua hayo mambo." Basi. Kumiliki kompyuta nyumbani Mwanza ni kujiandikisha kazi ya kujitolea bila mkataba. Huyu analeta flashi ambayo mafolda yote yamegeuka njia za mkato kwa sababu ya kirusi, yule anataka umpigie chapa kadi za kipaimara, mwingine anataka umtolee wasifu wa kazi saa nne usiku. Yote nimeyavumilia miaka. Haya ya makasha yamenishinda.

Nimezifungua moja moja. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, gigabaiti 2. Diski ngumu za kuzunguka, mbili zinagonga kama mtu anabisha hodi. Kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba kwenye ubao mama. Betri zile ndogo za duara, CR2032, zimekufa zote, kwa hiyo kila ukiwasha saa ya mashine inarudi miaka ya nyuma kabisa. Watu wanadhani hilo ni jambo dogo. Tarehe ikiwa ya uongo, kivinjari kikienda kukagua cheti cha usalama cha tovuti kinaona cheti hakijaanza kutumika, kinagoma. Vijana wakaniambia "intaneti ya kanisa mbovu". Intaneti haikuwa na shida yoyote.

Kuhusu Windows ndiyo vichekesho. Zimekuja na Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Windows 11 inataka angalau gigabaiti 4 za RAM, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kama ni Intel basi karibu zote kuanzia kizazi cha nane. Hizi hazina hata kimoja. Na Windows 10 nayo ikafikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, yaani wiki mbili kabla ya uchaguzi. (Ya uchaguzi wenyewe, na zile siku intaneti ilipozimwa nchi nzima, sitayagusa hapa. Wengine bado tuna vidonda.)

Nikamweleza katibu wa kanisa. Akanijibu kwa utulivu kabisa: "Kaka, nenda tu pale Makoroboi, kuna vijana wanapiga Windows yoyote, wana kreki." Kreki, yaani kuvunja kufuli la leseni utumie programu bila kuilipia. Jamani! Kanisa! Ukutani nyuma yake pameandikwa Amri Kumi kwa rangi ya dhahabu, na USIIBE inasomeka hadi barabarani. Halafu wengi wa hao vijana wa kreki, kitu cha kwanza wanachokwambia ni uzime kinga ya virusi ndipo programu yao ifanye kazi. Unajua kwa nini wanataka uizime? Katibu hajui, na hataki kujua, kwa sababu kilichotolewa madhabahuni kimeshabarikiwa.

Nikaamua nizitie Linux Mint, mfumo wa kukaa mahali pa Windows, zile zinazoweza kupona, pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na hesabu, maana ni bure kihalali na hazihitaji kumwibia mtu. Nikanunua betri na RAM za mitumba kwa hela yangu, ya mfukoni, ada ya Kulwa na Doto inasubiri. Nne zikafufuka. Nikazipeleka stoo. Malipo yangu? "Mbona hii siyo Windows? Mheshimiwa alitupa Windows." Na Jumapili iliyofuata likasomwa tangazo: tunamshukuru mheshimiwa kwa kompyuta ambazo sasa zinafanya kazi. Nilikuwa benchi la tatu. Mke wangu alinishika mkono nisinyanyuke.

Wiki iliyopita ndiyo wamevuka mstari. Nimetumiwa picha ya mheshimiwa anayetabasamu, wanataka niitengenezee bango la darasa la kompyuta, sura yake juu, msalaba chini yake, mdogo. Nimekataa.

Sasa kuna mjuaji atakuja kuandika "toa ndugu toa, usihoji sadaka". Mkuu, nchi hii haina dini. Sisemi mimi, ibara ya 3 ya Katiba ya 1977 inasema. Ibara ya 19 inataka uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 inakataza kusajili chama chenye lengo la kuendeleza maslahi ya dini fulani. Tuliogopa mchezo huu kiasi kwamba tangu sensa ya 1967 hatujaulizana tena dini kwenye sensa. Na habari ya mgombea kugawa vitu, wakubwa humu mnakumbuka takrima: iliruhusiwa kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaja kuifuta 2006. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria tunazo. Lakini ukimkuta mtia nia anagawa kitu sokoni utasema rushwa, akikitoa kanisani unasema amina.

Hili la madhabahuni ndilo linaloniwasha. Pale hakuna anayeuliza. Mnakumbuka 2020, ilipotangazwa kanisani Dodoma kwamba corona imeondolewa na Mungu? Takwimu zilikuwa zimeacha kutolewa tangu mwisho wa Aprili. Tulipiga makofi. Mtu ukiuliza idadi ulionekana huna imani. Ni mlango uleule: ukitaka jambo lako lisikaguliwe, lipitishie kwa mchungaji au shehe.

Maana msidhani ni kwetu tu. Ustaadhi wa madrasa ya jirani, rafiki yangu, tunapanda naye daladala moja kwenda mjini, alinisikia nalalamika akacheka mpaka akashika tumbo. Wao walipewa kwenye futari, mtu yuleyule, kabadilisha kanzu tu. Nilikwenda kuziangalia. Stika za Ohio. Kumbe ni shehena moja iligawanywa. Tofauti ni kwamba ustaadhi ana akili: alizipanga ukutani, akaandika kwa chaki "ZIMEKUFA", akakataa kuzipigia picha za shukrani. Sasa baadhi ya waumini wanamwita mpinzani.

Na swali ambalo sijaona mtu akiuliza: ziliingiaje? Tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka, unataka taka zote za kielektroniki, ziwe za sumu au la, ziombewe kibali cha nchi zinakopelekwa kabla hazijasafirishwa. Kompyuta inayofanya kazi ni bidhaa. Iliyovimba kapasita na diski inagonga ni taka. Mtu kalipwa huko kuziondoa, mtu kazinunua kwa kilo, na huku zikapokewa kwa vigelegele. Zitaishia wapi? Korongoni, mvua ikija risasi na zebaki zinateremka kuelekea ziwani, tunavua sato tunakula.

Ninachotaka ni kidogo. Kwanza, wazee wa kanisa waje na gari wachukue makasha sita, nawapa mpaka Jumamosi. Pili, kitu chochote cha umeme kitakacholetwa na mtu anayetafuta kura kiwashwe palepale mbele ya waumini, kabla ya maombi, na mletaji akiwa amesimama. Tatu, nirudishiwe hela ya RAM. Risiti ninazo, na katibu asinitumie tena ujumbe wa "Mungu atakulipa" saa tano usiku.

Halafu, kwa wale wenye msaada wa kweli: kuna mwenye pawasaplai ya ATX ya kawaida, wati 300, iliyopimwa, hapa Mwanza? Ile iliyolipuka ubao mama wake umepona, nimeujaribu. Madrasa wanaihitaji. Weka bei, PM usinijie na habari za uchama.