Msaada: redio za mtandaoni kwenye laptop zinakata kata na kumaliza bando

Kitongani
Wakuu, habari za humu. Laptop ni ya Windows 10, RAM 4GB, intaneti ni hotspoti ya simu. Redio inawashwa nyumbani kama saa 6 kwa siku. Shida ni tatu: bando linayeyuka, sauti inakata kila baada ya dakika chache ingawa YouTube inacheza bila shida, na kuna kituo ukibonyeza kitufe cha kusikiliza kwenye tovuti yao kinazunguka tu, kimya. Natanguliza shukrani.

FundiSauti
Mkuu, bando ni hesabu tu. Kituo kinachorusha kwa 128 kbps (kilobiti kwa sekunde, kipimo cha wingi wa data ya sauti) kinakula MB 57.6 kwa saa, kwa hiyo saa 6 ni kama MB 346. Cha 64 kbps ni nusu ya hapo. Cha 48 kbps kwa AAC+ (mfumo wa kubana sauti) ni MB 21.6 kwa saa, na kwa taarifa ya habari na mazungumzo hutalalamika. Muziki ndio utasikia matoazi yanachakaa kidogo. Vituo vingine vina linki mbili, kubwa na ndogo. Chukua ndogo. Na kama unasikiliza redio kupitia matangazo yao ya moja kwa moja YouTube, basi mchawi umeshampata: unalipia picha ya studio ambayo hata huitazami.

Weka VLC, programu ya bure ya kucheza sauti na video. Bonyeza Ctrl+N, bandika linki ya kituo, Enter. Ikishaanza kucheza bonyeza Ctrl+J uone kodeki inayotumika (mfumo uliobana sauti), na mara nyingi kbps zake pia.

Bi Mdogo
Naongezea kwenye kukata kata. YouTube inavuta video mapema na kuiweka akiba, ndiyo maana mtandao ukiyumba hujui. Redio ya moja kwa moja haina cha kuvuta mapema, sauti inatoka studio sasa hivi. VLC kwa kawaida inaweka akiba ya milisekunde 1000 tu, yaani sekunde moja, na hotspoti ya simu kunyamaza sekunde mbili ni jambo la kila siku. Kasi yako haina neno, kinachokukata ni kuyumba.

Dawa: kwenye dirisha lile la Ctrl+N weka tiki kwenye chaguo la ziada lililo chini (Show more options), utaona namba 1000. Fanya 8000. Usishangae sauti ikichelewa kuanza, akiba inajazwa. Sauti pia itakuwa nyuma ya redio ya jirani, kwa hiyo goli utalisikia kwanza dirishani 😀

Kitongani
Asante dada, nimeweka 8000, imetulia. Sasa hicho kituo kimya?

FundiSauti
Angalia anwani. Tovuti yao ni https (njia salama, iliyofichwa), lakini seva ya sauti bila shaka bado ni http, ile ya zamani isiyofichwa. Chrome tangu 2020 inajaribu kuilazimisha sauti hiyo ipite https. Seva ikiwa haina, inaizuia. Kasoro ni ya kwao. VLC haina masharti hayo.

Kupata linki yenyewe: fungua ukurasa wao, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao (Network), kisha bonyeza kitufe cha kusikiliza. Anwani ya sauti itajitokeza kwenye orodha, mara nyingi ina namba ya mlango (port) kama 8000 au inaishia na .mp3 au .aac. Ukipewa faili la .pls au .m3u, lifungue kwa Notepad: kwenye .pls anwani iko baada ya File1=, kwenye .m3u ni mstari usioanza na alama ya #. Ukiiweka anwani kwenye brauza ikakuletea ukurasa wa takwimu badala ya sauti, hiyo ni SHOUTcast (aina ya seva ya redio), ongeza /; mwishoni, yaani mkwaju na nukta mkato, itacheza.

Linki yenye msururu wa herufi baada ya alama ya kuuliza usiihifadhi, mara nyingi inakufa baada ya muda. Zilizobaki zipange kwenye orodha ya VLC kisha Ctrl+Y, unapata faili moja la vituo vyako vyote.

Mswahili_Leicester
Swali la pembeni: huku Uingereza TuneIn (app ya kusikiliza redio za mtandaoni) inanigomea vituo vya nyumbani. Kompyuta au mtandao?

Bi Mdogo
Si kimoja wala kingine, kaka. Mwaka 2019 mahakama ya huko iliwapa ushindi Warner na Sony, kampuni za muziki, dhidi ya TuneIn, kuhusu vituo vya nje visivyo na leseni ya muziki Uingereza. Baada ya hapo TuneIn ikavifungia vituo vya nje kwa wasikilizaji wa huko. Linki ya kituo chenyewe haipiti kwao, kwa hiyo tafuta kwenye radio-browser.info, tovuti yenye orodha ya vituo, chuja kwa nchi, nakili anwani, bandika VLC. Pale wasikilizaji wenyewe ndio wanaoongeza vituo, basi ukikuta anwani imekufa jaribu inayofuata ya jina lilelile.