Umeme umerudi, Norris yuko wapi? (Mbio za magari za Formula 1, Brazil, Novemba 2024)

Idi: Jamani umeme ndo umerudi saa hizi. Nilimwacha Russell anaongoza, Norris yuko nyuma yake, nimewasha tivii namkuta Verstappen anashangilia ushindi. Kuna nini kimetokea Brazil??

Zuhura: Pole kaka Idi, umekosa mbio ya mwaka huu, nakwambia ukweli

Idi: Si alianza wa 17 huyu?

Zuhura: Wa 17. Mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia ulikuwa uwe jana, mvua ikaharibu, wakausogeza mpaka leo asubuhi yao, kwetu ilikuwa saa 7 na nusu mchana. Bendera nyekundu ya kusimamisha wote mara 5!! Stroll akagonga, muda ukaisha Verstappen akiwa wa 12, halafu ana adhabu ya nafasi 5 kwa kubadili injini, ndo ikawa 17

Mjomba Hamadi: Bahati tupu. Hata Norris mwenyewe kasema ni bahati

Zuhura: Shikamoo mjomba. Hapo sikubaliani na wewe

Mjomba Hamadi: Marahaba mwanangu. Sema tu, ila mimi roho inaniuma. Jana Norris kashinda sprinti, ile mbio fupi, mwenzake wa timu Piastri kampisha vizuri, pengo la ubingwa na Verstappen likashuka toka pointi 47 mpaka 44, leo anaanzia mbele kabisa na Verstappen yuko huko nyuma na wakina Hamilton. Nikasema leo tunakula pointi 15 hata 20

Idi: Mi nilipokatikiwa umeme mvua ilikuwa imezidi sana, gari huzioni unaona taa nyekundu tu za nyuma

Zuhura: Ehee hapohapo. Mvua ilivyozidi Russell na Norris wakaingia piti kubadili tairi. Ocon, Verstappen na Gasly wakagoma, wakabaki nje na tairi zilezile zilizochoka. Gari la usalama, lile la kuwapunguza wote mwendo, likatoka, mara Colapinto akiwa nyuma ya hilohilo gari la usalama, mwendo wa polepole kabisa, kateleza kule kwenye mlima wa kupandia mstari wa kumalizia, puu ukutani. Bendera nyekundu. Sasa bendera nyekundu ikipigwa kila mtu anaruhusiwa kubadili tairi bure, hapotezi hata sekunde. Kwa hiyo walioingia piti wametoa nafasi zao sadaka

Mjomba Hamadi: Sasa hiyo siyo bahati ni nini

Zuhura: Mjomba nisikilize. Bahati hiyohiyo kaipata Ocon, kaipata Gasly. Tena Ocon ndo alikuwa WA KWANZA, Verstappen wa pili. Tairi mpya wote, mvua ileile, njia ileile. Mbona Ocon kaachwa sekunde 19? Na kabla ya bendera Verstappen alishawapita watu kibao kwa mkono wake, mule mule kwenye maji

Mjomba Hamadi: 🤔

Babu: Asalaam alaykum. Nimewasoma wote

Zuhura: Waalaykum salaam, shikamoo babu

Babu: Marahaba. Hamadi, mimi nimeshuka Kitonga na semi imejaa saruji, mvua inanyesha, najua anachofanya yule kijana. Barabara ikizoeleka magari yanaacha mpira kwenye lami, ule mstari mweusi unaong'aa. Jua likiwaka unashika vizuri, mvua ikinyesha unageuka sabuni. Dereva anayejua anautoka ule mstari anatafuta lami inayokwaruza pembeni. Na pale alipompita Mfaransa, huyo Ocon, kona ya kwanza, nimeangalia marudio mara tatu. Alikuwa mbali, akaingia kwa ndani, breki kakanyaga mwisho kabisa na gari halikuyumba hata kidogo. Hilo hulipati kwa bahati

Idi: Babu 🙌🏾

Mjomba Hamadi: Baba ukisema wewe nanyamaza. Lakini na Norris naye kateleza konani akashuka, kamaliza wa 6. Yule kijana anajua kuendesha ila mvua ya leo ilimtoa mchezoni, sijui ndo presha

Idi: Na Stroll jamani, hiyo niliiona, raundi ya kujipanga tu kabla hata mbio hazijaanza kagonga, akataka kugeuza akajipeleka kwenye changarawe akanasa

Mama Nasra: Hao wa timu ya Alpine waliosimama jukwaani wawili si ndo wale wa mkiani?

Zuhura: Ndo haohao shangazi! Timu ilikuwa ya 9, leo Ocon wa pili Gasly wa tatu, pointi 33 mchana mmoja, wamerukia nafasi ya 6. Nafasi moja kwenye jedwali la timu ni mamilioni ya dola, na kule kiwandani kuna watu kibao wamelala vibaya mwaka mzima. Nimelia kabisa

Mama Nasra: Mi nililia pale Hamilton alivyotoka na lile gari la 1990 la Senna, yule dereva wao marehemu, na bendera ya Brazil mkononi, watu wamelowa chapachapa wanaimba. Miaka 30 tangu afariki

Idi: Sasa hesabu ya ubingwa ikoje

Zuhura: Verstappen kachukua 26, humohumo na ile moja ya raundi ya kasi zaidi, Norris 8. Pengo limetoka 44 limekuwa 62. Zimebaki Las Vegas, Qatar na Abu Dhabi, pointi zote zilizobaki ni 86. Las Vegas akimaliza tu mbele ya Norris, ubingwa wa nne huo

Mjomba Hamadi: Basi bado kuna 86. Mpaka ziishe mimi niko na Norris

Idi: Las Vegas saa ngapi kwetu?

Zuhura: Jumapili tarehe 24, saa 3 asubuhi

Idi: Mjomba wewe una sola, nakuja kwako, sitaki yanikute tena ya leo

Mjomba Hamadi: Njoo, mpitie na babu

Babu: Huko nako mvua?

Zuhura: Jangwa babu, ila wanakimbia usiku na baridi kali, tairi zinagoma kupata joto, gari linateleza lami ikiwa kavu

Babu: Idi nipitie saa 2