Masika hii unasoma nini? Tupeane uzoefu wa vitabu vya mambo ya kweli

Wakuu habari za mvua. Huku Dar ikinyesha foleni inakula masaa, kwenye daladala simu imeisha chaji unabaki na kitabu tu, ndio nikasema tufungue uzi. Tunataka vitabu visivyo vya kubuni, historia, maisha ya watu, siasa, afya, vipya au vipya kwako. Masharti mawili: uwe umekisoma mwenyewe, hata kama uliishia katikati sema uliishia wapi na nini kilikushinda, na vile vya amka saa kumi alfajiri uwe tajiri tuvipumzishe kidogo, tumeshaamka sana na hela hatujaiona.

Naanza na Slow Poison cha Mahmood Mamdani, kimetoka 2025. Siku hizi wengi wanamjua kama baba yake meya wa New York ila huyu mzee alifukuzwa Uganda na Amin mwaka 1972 pamoja na Waasia wenzake, baadae akaja kufundisha hapa chuo kikuu, Mlimani. Sasa huyohuyo aliyefukuzwa ndio anamwandika Amin bila kumtukana, anamweka mezani na Museveni anauliza kila mmoja nchi aliijengaje, na Museveni aliyekaa kitini tangu 1986 hatoki msafi hata kidogo, anaambiwa kawagawa watu kikabila. Kuna kurasa niliona kabisa anampunguzia Amin mzigo, nikakifunga nikalala kwa hasira, kesho yake nikaendelea. Pale anaposimulia aliyoyaona kwa macho yake ni patamu. Kiingereza chake ni cha darasani, usitegemee kukimaliza wikiendi moja.

Karibuni.

Mtoto wa Kyaka: Mkuu hapo kwa Amin umegusa kidonda. Sisi wa huku Kagera hatusimuliwi na vitabu, mwaka 1978 majeshi yake yaliingia yakakalia upande wote wa kaskazini mwa mto, daraja la Kyaka likalipuliwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda ng'ambo. Mzee wangu mpaka leo ukitaja hilo jina wakati wa kula anasukuma sahani. Halafu profesa aje aniambie Amin alikuwa na mpango wa taifa? Haya, nitakisoma, ila kwa kununa.

Mwenye uzi: Kisome hivyohivyo kwa kununa ndugu yangu, mimi pia sikukubali yote.

Nesi wa Zamu: Mimi nipo kliniki ya TB kwa hiyo nilikuwa nasema sitaki kusoma kitu cha kazini nikiwa nyumbani, rafiki akaning'ang'aniza Everything Is Tuberculosis cha John Green, cha 2025. Huyu jamaa ni mwandishi wa riwaya za vijana, alienda Sierra Leone akakutana hospitali na kijana anaitwa Henry, akadhani ni mtoto wa miaka 9 kumbe ana 17, TB na njaa vilimdumaza. Jina lenyewe sawa na la mwanawe, ndio basi ikamkaa moyoni. Kitabu chembamba, kinasomeka, na hoja yake ni moja anaipigilia mpaka mwisho, kwamba dawa zipo miaka mingi na bado watu zaidi ya milioni moja wanakufa kila mwaka kwa sababu dawa ziko upande mmoja na wagonjwa upande mwingine.

Kilichonishika ni pale anapoeleza mtu kuacha dozi. Sisi huku tunawagombeza jamani. Dawa ni miezi 6, wiki za mwanzo mkojo unakuwa rangi ya chungwa mtu anaogopa, mwezi wa pili kashapata nguvu anaona kapona, au hana chakula na vile vidonge tumbo tupu vinamchefua. Sasa mgonjwa akichelewa kuja naanza na "umekula nini leo" kabla ya kufungua kadi. Kuna dada mmoja nilimuuliza hivyo akacheka, akasema sista tangu nianze hizi dawa hamjawahi kuniuliza.

Kijana wa Buza: Wakuu nani ana PDF ya hivyo vyote anitupie inbox

Mwenye uzi: Nilijua tu utakuja. Kwanza ukipewa hutosoma, simu yako ina PDF mia tatu.

Kijana wa Buza: 😂😂 nyingi za Rich Dad

Msee wa Tom Mboya: Niaje watu wa Bongo. Huku Nairobi vitabu tunanunua za inama, zile zimepangwa chini kando ya barabara, ukiwa na jicho unapata original safi, ukizubaa unauziwa fotokopi page zimeruka. Mimi tangu mwandishi wetu Ngũgĩ wa Thiong'o aage Mei 2025 nimekuwa nikimsoma upya, nikaanza na Decolonizing Language, insha zake zilizotoka mwaka huohuo. Poa lakini wacha niseme ukweli, kama ulishamsoma zamani mengi utakuwa umeyasikia, na hiyo mambo ya kutetea lugha zetu kwa Kizungu bado inanichekesha. Mimi nilifika nusu nikaiweka, nikarudi kwa ile ya jela, Wrestling with the Devil. Hiyo ndio mambo. Wanamshika mwisho wa 1977 juu ya mchezo wa kuigiza na wanakijiji, wanamtupa Kamĩtĩ bila kesi, na huko ndani anaandika riwaya ya Kikuyu kwa toilet paper. Anasema ile karatasi ilikuwa ngumu, mbaya kwa kazi yake lakini kwa kalamu iko sawa kabisa! Hapo nilicheka kwa matatu watu wakanigeukia.

Binti Mkuranga: Mimi sina kipya cha mwaka huu, nina Mzee Rukhsa, kile cha marehemu Mzee Mwinyi cha 2021. Kipo kwa Kiswahili toka mwanzo mpaka mwisho na hilo ndio nakipendea. Baba yangu macho yamefifia, kwa hiyo baada ya isha namsomea kwa sauti, majirani wanajikusanya barazani kama wanasikiliza mpira. Tulikaa sana pale alipojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa vifo vya watu mikononi mwa polisi kule kanda ya ziwa, hakuua yeye, akaondoka yeye. Baba akaniambia rudia. Nikarudia. Akaanza kutaja mawaziri mmoja mmoja kwa majina, hapo sitaendelea 😅

Guide wa Bagamoyo: Mgeni kaniachia River of the Gods cha Candice Millard, cha 2022. Ni safari ya Burton na Speke kutafuta chanzo cha Nile, ila mwandishi kampa nafasi Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa Kilwa mpaka India, akarudi huru Zanzibar, halafu ndio akawaongoza hao wazungu mpaka maziwa makuu. Mie miaka yote nawaambia wageni Burton kafanya hivi Speke kafanya vile, sasa naanza na Bombay na maswali yanakuwa mengi zaidi. Lawama yangu ni moja, bado kurasa nyingi ni ugomvi wa wale wawili, Bombay anapotea unamsubiri.

Mtoto wa Kyaka: Hicho cha Bombay nakitaka kabla ya cha Amin. Guide ukikimaliza kipandishe basi la Bukoba, mzigo nitalipia huku.

Guide wa Bagamoyo: Nimeshakimaliza, njoo inbox na jina la stendi.