Naomba ushauri: ramani inabadilika nondo zikiwa zimeshafungwa

Habari zenu wakubwa. Nasimamia ujenzi wa nyumba ya ghorofa moja hapa Jinja. Wiki iliyopita tulikuwa tumemaliza kufunga nondo za slabu (sakafu ya zege ya ghorofani), zege ni kesho yake, mwenye nyumba akaja jioni akasema ngazi zihamie upande wa jikoni. Nondo tulizokuwa tumezikata kwenye tundu la ngazi hazifiki tena ng'ambo. Vipande vyake vimelala kando ya mchanga, na kila nikipita naviona. Hii ni mara ya tatu.

Simkatazi kubadilisha, nyumba ni yake. Hata mikataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya 1999, kifungu cha 13, inamruhusu mhandisi kuagiza mabadiliko hadi kabla ya cheti cha makabidhiano. Lakini sisi tuna karatasi moja tu ya makubaliano, haisemi lolote kuhusu gharama wala siku za ziada, na mvua za Machi zinakaribia.

Nafikiria hivi: msingi, nguzo, slabu na ngazi vifungwe kwa sahihi yake wiki mbili kabla ya kununua nondo. Kuta za ndani na milango ibaki huru. Kinachonitatiza ni mabomba ya umeme, maana mengine yanapita ndani ya slabu. Hayo mnayaweka kundi gani?

Na je, siku za akiba mnazigawa kwa kila hatua au mnaziweka zote mwishoni? Waliowahi kusimamia kazi ya namna hii, nisaidieni tafadhali.